Mwaka Walipofuta Moshi

Mwezi uliopita, msibani kwa Mama Lusajo, nilikaa chini ya turubai nyuma ya vijana wawili waliokuwa wanakula wali na maharage na kuzungumza kwa sauti ya chini, kama wanavyozungumza watu waliokuja kuzika mtu wasiyemjua sana. Mmoja wao akanyoosha kijiko kuelekea bondeni. "Zamani hapa palikuwa pazuri, bwana. Hukuwahi kuiona ile kalenda? Kijani mpaka kule juu, mlima unadhani unaugusa. Ni hawa hawa wakulima na majembe yao ndio wamepaharibu." Mwenzake akaitikia kwa kichwa, akasema hata kwao ilikuwepo, ilining'inia sebuleni miaka na miaka mpaka ikachanika yenyewe. Nikaweka sahani yangu chini. Mkulima mwenye jembe alikuwa amelala kwenye jeneza, hatua chache kutoka kwenye sufuria za wali, na hawa walikuwa wanamshtaki kwa ushahidi wa picha niliyoipiga mimi. Mwaka wa kalenda ile nilikuwa hapo. Bonde halikuwahi kuonekana vile mwaka mzima ule, isipokuwa siku chache tu, na sababu yake nitaieleza. Nilitaka kuwageuza vijana wale kwa mabega niwaambie. Lakini kwaya ilikuwa imeanza kuimba, na mimi ni mgeni pale, mwanamke wa Kiislamu kutoka Iringa niliyejitanda mtandio wangu katikati ya vitenge vya wenyeji. Nikanyamaza. Kimya kile kimenikaba tangu nirudi nyumbani Ipogolo, ndiyo maana naandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipokwenda Mbeya kufanya kazi kwenye studio ya Mzee Sudi, pale Mwanjelwa. Ilikuwa ni vyumba viwili vilivyotenganishwa na pazia. Cha mbele kilikuwa na ukuta uliochorwa maporomoko ya maji na ua la plastiki, na msumarini lilining'inia koti moja jeusi lenye tai iliyokwishafungwa, ambayo kila mwanaume aliyekuja kupiga picha ya pasipoti aliivaa, awe mwembamba au mnene. Cha nyuma ndiko ilikokuwa kompyuta, printa, na mkeka wetu wa kulia chakula. Ijumaa mke wa Mzee Sudi alituletea wali wa nazi na samaki kwenye hotpoti, maana watu wa pwani hata wakihamia kwenye baridi kiasi gani hawaachi nazi yao, na tulikula watatu: Mzee, mimi, na Godi, kijana wa kompyuta, ambaye mkono wake ulikuwa wa kwanza kufika kwenye samaki. Tukiwa tunakula tuliwasikia wateja kupitia pazia. "Fundi, hiki kidonda kwenye paji la uso kitoke." "Mnifanye mweupe kidogo, siyo sana, wasije wakacheka." "Huyu hapa pembeni mkateni, tumeachana." Godi alikuwa anatafuna huku anacheka. Na mimi nilikuwa nacheka. Sitaki mtu anielewe vibaya: sina ugomvi na mkasi. Kila picha imekatwa, kwanza na aliyeinua kamera akaamua nini kiingie na nini kibaki nje. Mtu akitaka chunusi zake ziondoke, chunusi ni zake.

Baada ya mvua za mwaka ule kuisha, ikaja kazi ya kampuni ya chokaa. Kampuni sitaitaja, na kijiji pia sitakitaja, watu wake wamesemwa vya kutosha. Kampuni ilitaka kalenda ya mandhari, bonde na mlima, ya kugawa maofisini na kwa wateja. Mzee Sudi alinituma mimi kwa sababu Godi alikuwa hapendi kupanda milima, na yeye mwenyewe magoti yalikuwa yameshamkataa. Nikapanda na kamera ya studio, nikaambiwa nitafute mahali pa kulala ili niwahi mwanga wa asubuhi. Mwenyekiti wa kitongoji akanipeleka kwa mjane mmoja mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma ukingoni mwa bonde. Huyo ndiye Mama Lusajo. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, akaitazama kamera, akasema, "Umekuja kupiga picha ya moshi yetu?" Nikamwambia hapana, mandhari. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi. "Haya karibu. Mandhari iko ndani ya moshi. Utaitafuta."

Nyumba yake nakikumbuka kila chumba. Madirisha ya upande wa bondeni yalikuwa yamezibwa kwa vipande vya vitenge vilivyosokotwa na kusukumwa kwenye nyufa za mbao. Nguo zilianikwa ndani, kwenye kamba iliyokatiza sebule, juu ya viti, kwa hiyo ukikaa kula shuka lenye maji linakugusa kisogo. Nje ungezianika saa moja tu na zingekuwa na unga. Sufuria zote zilifunikwa, hata tupu. Jioni ile tulikula viazi vya kuchemsha na maharage, na kabla ya kuvimenya alivifuta kimoja kimoja kwa kitambaa cha maji. "Hizi viazi zangu zinatoka shambani kama zimepakwa poda," alisema. "Watoto wa jirani wanasema bibi analima mayai." Wanawake wawili wa jirani walikuja kuomba moto, wakakaa, na mazungumzo yao yote yalikuwa kama taarifa ya hali ya hewa: leo matanuri ya chokaa yamewashwa mangapi, upepo umeelekea kwa nani, mtoto wa nani amepelekwa zahanati na kifua. Walipomuaga walimwambia "ndaga fijo", asante sana, naye akawaambia wapite njia ya juu, ya chini ilikuwa imeshajaa moshi.

Asubuhi nikaiona. Matanuri yalikuwa kushoto, chini kidogo, yamejipanga kama vichuguu vikubwa, na moshi wake mweupe ulikuwa hauendi juu. Baridi ya asubuhi iliubana, ukalala bondeni kama blanketi lililolowa. Juu yake mlima ulitokeza kichwa tu. Na chini kulia, kwenye mteremko, Mama Lusajo na wenzake watatu walikuwa wanapalilia viazi, wamefunga vitambaa puani na mdomoni, wanaonekana nusu, wanafifia, wanaonekana tena. Nilipiga picha nyingi, lakini moja nilijua papo hapo kuwa ndiyo. Ilikuwa na kila kitu: aliyewasha, aliyevuta, na mlima unaotazama. Nilishuka Mwanjelwa nimefurahi. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anadhani picha nzuri ikishapigwa kazi imekwisha.

Wiki chache baadaye mabunda ya kalenda yakaja kutoka kwa mchapaji, nikafungua moja nikiwa bado nimeshika kikombe cha chai. Sikuitambua. Kwa kweli, nilimuuliza Godi hii ni ya wapi. Akasema, "Si ni yako hiyo, Zuhura?" Alikuwa amekata kushoto, matanuri yameondoka. Alikuwa amekata chini, wanawake wameondoka pamoja na shamba lao. Kilichobaki katikati alikiondolea ukungu. Ndivyo alivyosema, "nimeondoa ukungu," kwa sababu kwenye kompyuta ndivyo kazi hiyo inavyoitwa: unavuta kidude kutoka kushoto kwenda kulia, weupe unarudi nyuma, kijani kinapanda, anga linaiva, mawe ya mlimani unaweza kuyahesabu. Ukungu wa kweli naufahamu. Nimeishi Nyanda za Juu maisha yangu yote. Mwezi wa kumi vumbi la Usangu linapopanda, milima inajipanga mmoja nyuma ya mwingine, kila wa nyuma umefifia kuliko wa mbele, na kufifia huko ndiko kunakomwambia mtazamaji kule ni mbali. Ukikufuta kote, mlima wa mwendo wa siku nzima unakuja kukaa mlangoni, na picha inakuwa tamu na ya kijinga. Hilo ningelisamehe. Lakini ukungu hauna mwenyewe. Moshi una mwenyewe. Kuuita moshi ukungu ni kumpa Mungu kosa la mtu mwenye ofisi.

Nilimfuata Mzee Sudi nyuma ya pazia. Alikuwa amekaa mkekani, anafunga kanzu yake vizuri kwenda msikitini. Nilimwambia ile siyo picha niliyopiga. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakuwa mtu wa kukatiza. Kisha akasema, "Mwanangu, mteja ameagiza kalenda. Hajaagiza ushahidi."

"Lakini watu wameondolewa, mzee. Wanaishi pale."

"Kwenye harusi tunaondoa watu kila siku."

"Harusi mwenye picha ndiye anaomba."

"Na hapa mwenye picha ameomba," akasema, "ndiyo kampuni." Akasimama, akatafuta viatu vyake. Nilikasirika, si kwa sababu alikuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwema kabisa, bali kwa sababu jibu lake lilikuwa limekamilika. Halikuwa na mahali pa kushika. Godi alinitania siku nzima kwamba nataka kuuza kalenda za kikohozi.

Kule mlimani walikuwa hawajui kuhusu kalenda. Walikuwa wanajua kifua. Walikuwa wameandika malalamiko, wakafuatilia, wakazungushwa, na hatimaye kikapangwa kikao kwenye darasa la shule ya msingi, wanakijiji upande mmoja, kampuni upande wa pili, na afisa mmoja aliyetumwa kusikiliza na kutoa uamuzi kama matanuri yasogezwe mbali na makazi. Mama Lusajo alishuka mpaka studio kwa miguu na kwa gari, na kiroba cha viazi kama zawadi. Alikuwa ameshaiona kalenda kwenye ofisi aliyozungushwa. Aliketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya maporomoko ya maji ya rangi. "Binti," alisema, "nimejitafuta kwenye ile picha sijajiona. Nikasema labda macho. Nikamwita na Lusajo, naye hajaniona. Si nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, mama."

"Basi lete ile ambayo nipo."

Nikaichapisha nzima, kubwa kadiri printa ilivyoweza, sikukata wala kung'arisha. Mzee Sudi alipita nyuma yangu mashine ikiwa inaitoa, akaitazama ikitoka kidogo kidogo, matanuri kwanza, kisha moshi, kisha wale wanawake. Akasema, "Mimi sikukuona," akaenda kufungua duka la mbele. Nilidhani amenipa baraka. Leo naona alikuwa amesema ukweli wake wote: alichagua kutoona.

Siku ya kikao nilipanda asubuhi, na nilipofika ukingoni nikasimama. Bonde lilikuwa safi. Hakuna uzi mmoja wa moshi. Mlima ulikuwa umesimama wazi mpaka miguuni, majani yamenawa kwa mvua ya juzi yake, ndege wanalia. Lilikuwa lile la kalenda. Mama Lusajo alikuwa ananingoja njiani, na uso wake sijausahau, uso wa mtu aliyeibiwa na mwizi akamwachia risiti. "Wamezima tangu Jumamosi," alisema. "Yote. Tangu wayajenge hawajawahi kuzima yote." Tukaingia darasani tukakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusana na mbao. Afisa uhusiano wa kampuni, mwanaume mpole mwenye viatu vilivyong'aa, alikuwa ameibandika kalenda ubaoni. Na pembeni yake, amevaa shati ambalo sikuwahi kumwona nalo, alikaa Godi.

Wanakijiji walisema yao. Mama Lusajo alisimama akaniita, nikaenda mbele na picha yangu, nikaibandika kando ya kalenda. Watu wakaguna. Zilikuwa picha mbili na bado ni moja: mlima ule ule, mwanga ule ule, wingu lile lile dogo juu ya bega la mlima. Nilieleza. Nilionyesha kwa kidole mahali palipokatwa. Nilieleza vizuri, nawaambia. Yule afisa aliyetumwa akatazama moja, akatazama nyingine, akauliza, "Sasa ya kweli ni ipi?" Kabla sijajibu, yule wa kampuni akasema kwa upole tumsikilize mtaalamu, na akamgeukia Godi. "Kijana, kompyuta inaweza kuongeza moshi kwenye picha ambayo haikuwa na moshi?"

Godi alitazama meza. "Kitaalamu, inawezekana."

"Inaweza kuongeza watu?"

"Inawezekana."

"Asante."

Hakusema uongo. Hiyo ndiyo hasira yangu mpaka leo. Kila neno alilosema lilikuwa la kweli, na hakuna aliyemuuliza amefanya nini yeye. Waliuliza tu kompyuta inaweza nini. Nilipaza sauti, "Muulizeni nani amefuta! Muulizeni!" Afisa akaniambia dada, tutumie lugha ya kikao. Kisha akafanya jambo ambalo bila shaka aliliona la haki. Akasema, "Tusibishane juu ya makaratasi, macho tunayo," akaenda kufungua dirisha. Sote tukatazama nje. Kijani mpaka juu, mlima kama unaugusa. Mzee mmoja nyuma alijaribu kusema kwamba leo wamezima, akaambiwa asubiri zamu yake. Mama Lusajo hakusubiri. "Mnatufuta hata tukiwa tumekaa mbele yenu!" alisema. Kikohozi kikamshika, akakohoa kwa muda mrefu, ameinama juu ya dawati la mtoto, na yule wa kampuni akamsogezea chupa yake ya maji. Niliitazama chupa ile. Nilitamani kuipiga teke.

Uamuzi ukawa kwamba malalamiko hayakuthibitika. Matanuri hayakusogezwa. Yaliendelea miaka mingine kadhaa, na yalipofungwa hayakufungwa na kikao wala picha. Mawe mazuri yaliisha upande ule wa kilima, kampuni ikahamisha mitambo yake ikaenda kwingine. Kifua cha Mama Lusajo hakikuhama. Wapo watakaoniambia hakuna daktari aliyeandika neno chokaa kwenye cheti chake, na ni kweli, hakuna. Nimeshazoea watu wanaonijibu kwa mambo ya kweli.

Jumatatu baada ya kikao nilimwambia Mzee Sudi naondoka. Hakunizuia. Godi alikuwa kwenye kompyuta, mgongo kwetu, anamng'arisha bibi harusi. Alisema bila kugeuka, "Zuhura, mimi nimeulizwa nikajibu. Ulitaka nijibu nini?" Nilimwambia nilitaka ajibu alichofanya. Akasema kazi haina ugomvi. Mzee alinisindikiza mpaka barabarani katikati ya kelele za Mwanjelwa, akanikabidhi mfuko wa plastiki wenye kamera yake ya zamani, ya mkanda, aliyofungulia studio. "Hii haina kompyuta," alisema, akageuka haraka kwa sababu alikuwa na aibu, na mimi sikumwondolea. Nilimshukuru kwa kamera. Kwa mengine sikumwambia kitu, na sasa naye ni marehemu.

Kabla ya kupanda basi la Iringa nilikwenda mlimani kuaga. Harufu niliipata kabla sijafika. Matanuri yote yalikuwa yamewashwa, na moshi ulikuwa umelala bondeni mzito kuliko siku zote, kana kwamba walikuwa wanafidia siku zilizopotea. Mama Lusajo alinikuta uani, akanikalisha jikoni, akanipa kande kwenye bakuli iliyofunikwa kwa bakuli nyingine. Tulikula. Kisha akauliza mfukoni nina nini, nikamwonyesha.

"Ina picha ndani?"

"Ina mkanda, mama. Umebaki kidogo."

"Ngoja hapo."

Aliingia ndani, nikasikia sanduku likifunguliwa. Alitoka amevaa sare ya kwaya: blauzi nyeupe, sketi ya zambarau iliyopigwa pasi, na kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa makini kama cha Jumapili ya Pasaka. Akapita mbele yangu moja kwa moja mpaka shambani, akasimama katikati ya matuta ya viazi, blauzi ile nyeupe ndani ya weupe ule mwingine.

"Mama, nani ataamini?" nilimwambia. Nilikuwa na uchungu, nilitaka anihurumie.

"Nani kasema habari za kuamini? Nataka picha yangu niko kwangu." Akageuka kidogo atazame matanuri. "Na yale yaingie. Na shamba la jirani usikate, atanung'unika."

Nikarudi nyuma, nikarudi tena, mgongo ukagusa ukuta wa nyumba, mpaka vyote vikaingia. Nikainua kamera. Akanyoosha mkono.

"Subiri kwanza nikohoe."

Akakohoa, ameinama, mkono kifuani, kwa muda mrefu kiasi kwamba nilishusha kamera nikataka kumwendea, naye akanizuia kwa kiganja. Akajifuta mdomo. Akanyoosha sketi. Akainua kidevu, akabana pumzi, akanitazama, nikapiga.

"Nyingine. Hiyo nimefumba macho."

Nikapiga nyingine. Akaachia pumzi, akaja kwangu taratibu, akiruka matuta asichafue sketi, akaiwekea kamera kiganja chake juu kana kwamba anaifunika.

"Sasa nenda nayo," alisema. "Na yule kijana asiniguse."